Mwaka Niliomjua Nekesa kwa Sauti

Tulipomzika Mama Wanja, mvua ilitunyeshea kutoka kanisani hadi kaburini, na baadaye sisi tuliowahi kuwa wapangaji wake tukaingizwa sebuleni tunywe chai. Tulibanana kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, viatu vimejaa tope la Mutuini, kila mmoja akitafuta pa kuficha miguu asije akachafua zulia la marehemu. Wanawake wakikutana matangani huanza kwa machozi, na kabla kikombe hakijaisha wameshacheka. Walimcheka Mama Wanja kwa lile bomba alilolitia kufuli kila alasiri, kana kwamba maji ni ng'ombe wa kurudishwa zizini. Wakamcheka jogoo wake aliyekuwa akichagua mpangaji wa kumfukuza. Mimi pia nilicheka, maana yule jogoo aliwahi kunirarua leso. Kisha nikamsikia Philomena nyuma yangu, aliyehamia ploti ile wakati sisi tunakaribia kuondoka, akimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Si kuna msichana alikufa kwa hii ploti akizaa? Mluhya, bibi ya yule fundi wa viti. Aliitwa nani vile?" Mwenzake akafikiri. "Nafula? Ama ni Naliaka? Hao majina yao yote ni moja." Agnes Mwikali alikuwa ameketi mbele yangu na alisikia kama nilivyosikia. Aliweka kikombe chini akaniangalia. Nilimeza chai iliyokuwa mdomoni, nikageuka. "Aliitwa Nekesa," nikasema. "Alizaliwa wakati wa mavuno. Ni mtoto wangu."

Philomena alijishika mdomo. "Woi, Mama Fred, aki nisamehe, sikujua ni wako." Alinisihi mpaka nikamwonea huruma mimi, maana kweli hangejua, ploti nzima iliniita kwa jina la kifungua mimba wangu, Fred, ambaye hata hakuishi Nairobi. Lakini neno lile nilirudi nalo hadi kwangu. Shule niliiacha darasa la tatu na mkono wangu kwenye karatasi ni mzito, ila majina hayajawahi kunitoka, hata ya watu niliopanga nao foleni mara moja tu. Sasa naona wenzangu wanaondoka mmoja mmoja, na wanaobaki wanachanganya Nekesa na Nafula. Tulikotoka sitaeleza, wala kilichotuleta mjini. Nitaeleza ule mwaka wa 2004, kwa sababu mtu niliye leo alianzia hapo, na yule niliyekuwa kabla yake simjui tena vizuri.

Ploti ya Mama Wanja, pale Mutuini pembeni mwa Nairobi, ilikuwa ya mbao na mabati, vyumba vikitazamana, katikati ua wa udongo na kamba za nguo, nyuma shamba la nepia, majani marefu ya ng'ombe wake. Chumba changu kilikuwa cha kwanza ukiingia langoni. Chumba cha Nekesa na mumewe Wafula kilikuwa cha mwisho kabisa, dirisha lake likitazama nepia, na kati yao na sisi wengine alikaa Agnes Mwikali, Mkamba wa mdomo mwepesi na moyo mkubwa, aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pale barabarani. Mtu angesimama mlangoni kwangu na kumrushia Nekesa kitunguu kikafika. Lakini mimi, mama yake mzazi, sikuwahi kuingia chumba kile. Sisi Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai gari moja, na mama haingii mahali ambapo kitanda cha mkwewe kimetandikwa, mpaka wazee wa pande mbili waketi, vitu vitolewe, njia ifunguliwe. Wafula na Nekesa walikuwa wameanza kuishi pamoja kabla wazee hawajaketi. Haikuwa dharau. Kila Krismasi walisema mwaka huu tunaenda nyumbani, na kila Krismasi kazi ikawashika.

Kijijini sheria hiyo haina shida, kwa kuwa kati ya nyumba na nyumba kuna shamba zima la mahindi. Mutuini tulikuwa na bomba moja, choo kimoja na lango moja. Basi tuliishi kama watoto wanaocheza kujificha. Wafula akirudi kutoka Dagoretti Corner, alikotengeneza viti na vitanda kando ya barabara, alikohoa langoni kabla ya kuingia, nami nikiwa uani nilijitia ndani. Nikiwa kwenye foleni ya choo naye akatokea, aligeuka akaenda kusimama kwenye nepia kama mtu anayekagua majani. Mama Wanja, Mkikuyu aliyezaliwa pale pale Mutuini, hilo lilimshinda kabisa. "Nyinyi Waluhya!" alisema, mikono kiunoni. "Kwani mkwe ni chui?" Agnes akamjibu akiwa ndani ya moshi wa githeri, "Wacha wakimbiane, Mama Wanja. Mama mkwe wangu angenitoroka hivyo, ningechinja kuku." Tulicheka wote, na nilimsikia Wafula naye akicheka kule kwenye nepia. Alikuwa kijana mpole. Kikohozi chake langoni ndicho kilikuwa salamu yake kwangu, na siku nyingine alikohoa mara mbili, Agnes akaniambia, "Leo ameuza kitanda."

Mchana nilikuwa Parklands, kwa mama mmoja Mhindi aliyeitwa Kokila, mjane aliyeishi na mwanawe na mke wa mwanawe, Hetal. Kazi yangu ilikuwa kufua na kusaidia jikoni. Hetal alikuwa mjamzito, na mimba yake na ya Nekesa zilikua pamoja, hivi kwamba nikimwona Hetal akishika meza kuinuka nilijua Nekesa naye ameanza kushika ukuta. Jiko lile lilinukia bizari na samli, sakafu yake baridi hata wakati wa jua. Kila wiki, baada ya chakula cha mchana, Mama Kokila alimkalisha mkwewe kwenye kiti, akamvalisha mkanda wa presha mkononi. Mkanda ukavimba, ukapumua, mashine ikatoa namba, na Mama Kokila akaitazama kupitia miwani yake kabla ya kumruhusu mwenzake kuinuka. Mimi nilikuwa pembeni na sinia la dengu. Siku moja aliniuliza, "Rasoa, hata mtoto yako napimwa?" Nikamjibu, "Anapimwa, mama," maana Nekesa hakukosa kliniki hata mara moja. Sikujua kwamba kwenda kliniki na kupimwa ni mambo mawili.

Miezi ya kwanza Nekesa alikuja kwangu kila jioni. Alikuwa msusi, akisuka wateja wake chini ya mti wa mparachichi pale langoni, na alikuja vidole vikinuka mafuta ya nywele, akajitupa kitandani kwangu na kutafuna odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito wa Nairobi huyapenda kuliko nyama. Nilimpikia mrenda, ugali na omena, akala huku akinisimulia wateja wake: yule aliyetaka kufanana na mwimbaji wa televisheni, yule aliyesinzia akaanguka kutoka kwenye stuli. Alikuwa anacheka kwanza, halafu ndiyo anasimulia, kwa hiyo ulicheka bila kujua unacheka nini. Mwezi wa mwisho aliacha kuja. "Mama, miguu imekuwa mizito," aliniambia. Basi nikawa mimi ninayemwendea, lakini kwa nyuma, upande wa nepia. Dirisha lake lilikuwa dogo, la vyuma vyembamba na pazia la manjano, na yeye alilala kitandani chini yake. Niligeuza debe, nikakaa, nikachambua kunde zangu. Mchana alipotoka uani mimi nilikuwa kazini, hivyo sikumwona wala yeye hakuniona. Nilimjua kwa sauti.

"Mama, leo umepika nini?"

"Wewe mtu wa kulala mchana, unauliza chakula?"

"Si mimi. Ni mtoto anauliza. Mimi nimetumwa tu."

"Mwambie ni kunde."

Nikamsikia akinong'ona na tumbo. "Amesema kunde zilikuwa jana."

Chakula nilimpa Agnes, naye akakiingiza kwa mlango. Akitoka alinipa habari, na habari zake zilikuwa nzuri. "Huyu msichana wako amenona! Uso umejaa, mashavu yanang'aa. Unamtilia nini kwa hiyo mrenda? Hebu nipe na mimi." Mama Wanja alipoingia kumsalimia alitoka akisema mimba ni ya kijana, maana mtoto wa kiume humfurisha mama yake. Ploti nzima ilisema amenona. Na mimi, ambaye singeweza kuingia kumwona, nilifurahi kwamba upishi wangu umeonekana usoni mwake. Siku hizi wasichana wana simu, wanasoma humo dalili zote, na ukutani kwa kliniki kumebandikwa picha ya mguu uliovimba ikiwa na alama nyekundu. Mwaka ule hatukuwa na picha. Mwanamke akikonda tuliogopa, akinenepa tulishangilia. Nani angemtazama mjamzito mwenye mashavu akaogopa?

Alhamisi moja nilimkuta Hetal jikoni akilia kwa sababu pete ya ndoa haitoki. Mama Kokila alijaribu sabuni, akajaribu mafuta ya kupikia. Nami nikasema, kwa kumfariji, "Ni kunona tu, mama." Mama Kokila aliacha kidole akainama, akambonyeza Hetal kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu. Alipotoa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. "Hapana, Rasoa," akasema. "Hii hapana nona. Hii maji. Hii baya." Alivaa miwani, akafunga mkanda, mashine ikatoa namba, na hakuniambia ni ngapi. Walianza kuzungumza lugha yao, upesi upesi, mwanawe akaitwa kwa simu, gari likatoka. Nilibaki peke yangu na dengu nusu zimechambuliwa. Jioni, kabla sijafunga mlango, simu ya nyumba ililia. Alikuwa Mama Kokila. Hetal amepasuliwa. Mtoto ni mdogo lakini mzima, mama yake mzima. "Kula mithai iko kwa friji," akaniambia huku akilia. "Pelekea hata mtoto yako."

Sikupitia chumbani kwangu. Nilikwenda moja kwa moja nyuma, nepia ikinikata miguu, nikasimama chini ya dirisha na sanduku la mithai, vile vitamu vya Kihindi, mkononi.

"Nekesa. Viatu vyako vinaingia?"

"Viatu? Hivyo niliacha kitambo. Navaa malapa ya Wafula."

"Leta mkono."

"Mkono wa nini?"

"Leta, nimesema."

Pazia likasogea, mkono ukapita kati ya vyuma. Sikuwa nimemgusa kwa majuma. Ulikuwa mkono wa mtu mwingine, mzito, ngozi imevutika na kung'aa, vile vidole vya kusuka vimejaa hadi kwenye kucha. Niliubonyeza kwa juu, nikatoa kidole changu, nikaliona shimo. "Mama, unanifinya," akasema, na akacheka. Nikamwuliza kama kichwa kinauma. "Kinauma. Tena naona vitu kama vimulimuli mchana. Ni joto ya mabati." Nilimwekea kipande cha mithai kwenye kiganja, mkono ukarudi ndani, nikamsikia akitafuna. "Mama, hii ni tamu! Ni ya nini?" Nikamwambia kesho asubuhi tunaenda kliniki.

Ijumaa asubuhi Agnes aliiacha githeri yake, tukamshika Nekesa huku na huku hadi kliniki ndogo tuliyokuwa tukiitegemea. Hapo nje ndipo nilipomwona uso, na kwa dakika moja nilitafuta macho yake bila kuyapata. Nesi alikuwa mmoja, Sista Eunice, na foleni ilikuwa imejaza mabenchi ikamwagika hadi kwenye nyasi. Sista Eunice hakuwa mjinga. Alipoangalia miguu ile niliona amebadilika. Akatuvuta pembeni. "Mashine ya presha iliharibika, imepelekwa kutengenezwa. Vijiti vya kupima mkojo vimeisha."

"Basi tuandikie twende hospitali kubwa," nikasema.

"Mama, nikiwaandikia wataniuliza presha ni ngapi. Niandike nini? Juzi nilimpeleka mwingine bila namba, wakamrudisha, na mimi nikaitwa kuelezwa kwamba ninawajazia wodi." Alijifuta jasho. "Jumatatu mashine inarudi. Jumatatu muwe wa kwanza, mpite foleni. Apunguze chumvi, alalie ubavu."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akapaza sauti, "Sista, mkimaliza hadithi mtatukuta tumezaa hapa hapa!" Foleni ikacheka, Sista Eunice akarudi kwa foleni. Nilitaka twende hospitali kubwa hivyo hivyo, bila barua. Nekesa akakataa. Alikuwa amesikia ya huko kutoka kwa wateja wake: kulala wawili kitanda kimoja, kutukanwa ukipiga kelele, kurudishwa nyumbani ukiambiwa bado. "Mama, kunirudisha tena mbele ya watu sitaweza. Si ni Jumatatu tu?" Nimemchukia Sista Eunice, nikaacha, nikamchukia tena. Alikuwa peke yake, na watu wote wale. Lakini Parklands mashine ilikaa kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko.

Jumapili nilitoka kanisani nikawa uani naosha mchele. Wafula alikuwa ndani na mkewe. Jua lilikuwa kali, redio ya Mama Wanja ikiimba nyimbo za Kikuyu. Agnes alitoka mlangoni kwa Nekesa mikono hewani. "Mama Fred! Njoo! Mtoto wako anatetemeka!" Nilikimbia. Kizingiti kile nilikivuka bila kukiona. Nekesa alikuwa kitandani amekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni, na kitanda chote kikigonga mabati. Wafula alikuwa amempigia magoti akimshika mabega. Aliponiona aliinuka. Akaweka mkono usoni, akainamisha kichwa, akapita kando ya ukuta na kutoka nje. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mimi ndivyo ningemlea mtoto wangu wa kiume. Mama mkwe ameingia, yeye akatoka. Tukabaki wanawake wawili na mzigo ambao hatungeweza kuubeba, na mwenye nguvu za kuubeba amesimama kwenye nepia, amegeukia ng'ombe.

"Wafula!" Agnes alipiga kelele ambayo sitaisahau. "Wewe Wafula, rudi umbebe bibi yako! Mambo ya ukwe baadaye!"

Alirudi. Nilijibana ukutani nikageuza uso ili apite, na hapo ndipo nilipokiona chumba cha mwanangu kwa mara ya kwanza. Nguo za mtoto zilikuwa zimekunjwa juu ya kabati. Pembeni palikuwa na kiti cha kuegemeza mikono, kipya, kimefunikwa kitambaa, hakijakaliwa na mtu. Agnes aliniambia baadaye kwamba Wafula alikitengeneza kiningojee, wazee watakapoketi.

Mume wa Mama Wanja, Mzee Karanja, alikuwa na pikapu ya kubebea nepia. Aliiwasha, tukamlaza Nekesa nyuma juu ya majani, kichwa chake mapajani mwangu. Kutetemeka kulikuwa kumeacha. Alikoroma kama mtu aliyechoka sana. Wafula aliinua mguu apande. Akaniona nimeketi pale. Akaurudisha mguu chini. "Mama aende," akamwambia Mzee Karanja, hakuniambia mimi. "Mimi nakuja na gari nyingine." Hakuna aliyemshangaa. Mzee Karanja hakushangaa, Agnes hakushangaa, nami nilishukuru moyoni kwamba hata katika hali ile ameniheshimu. Tukaenda. Dagoretti Corner magari yalikuwa yameshikana, Mzee Karanja akipiga honi na kuita kwa Kikuyu na Kiswahili, na mimi nikimwambia Nekesa majina ya mahali tulipopita, ili asikie sauti yangu kama alivyozoea kuisikia.

Hospitali ile sitaitaja. Walimpokea upesi, hilo nitasema, wakamdunga sindano, wakamvalisha mkanda, na namba ilipotoka daktari kijana alisema neno kwa Kizungu na wote wakaanza kutembea haraka. Lazima apasuliwe mtoto atoke. Kisha nesi mmoja akanijia. "Bwana yake yuko wapi?"

"Anakuja na gari nyingine."

"Tunataka atie sahihi."

"Nitie mimi. Ni mtoto wangu."

"Mama, ameolewa. Upasuaji ni bwana anatia sahihi. Kwa nini hamkuja na yeye?"

Ningemwambia nini? Yule nesi, Beatrice, alikuwa mtu wa pwani kwa matamshi yake. Ningemwelezaje kwamba mkwe wangu hawezi kupanda gari nililomo? Nilisema tu, "Anakuja, mwanangu." Wakapiga simu yake, nayo ilikuwa imebaki chini ya mto kule Mutuini. Daktari kijana alibishana na mkubwa wake mlangoni. Nilimsikia akisema mgonjwa hana muda, na mwenzake akisema anajua, lakini juzi juzi walishtakiwa kwa kupasua bila sahihi. Nesi akaja tena, akaniuliza tena. Nikachukua kalamu mwenyewe. Akaninyang'anya taratibu, bila ukali. Nekesa alitetemeka tena nikiwa nimesimama pale, na wakavuta pazia.

Wafula alifika akikimbia, shati limelowa. Gari alilopanda lilikwama pale pale tulipokwama sisi, akashuka akaja kwa miguu. Alitia sahihi, wakampeleka Nekesa ndani. Kisha alitazama huku na huku, akaenda kusimama mwisho wa ile korido, upande wa mbali kabisa na benchi langu, akiangalia sakafu. Hata pale. Manesi wawili walipita katikati yetu wakisukuma kigari cha shuka, na mmoja akamwuliza mwenzake, "Yule wa kifafa cha mimba mbona alikaa sana?" Mwenzake akasema, "Alikuwa anangoja sahihi ya bwana. Ati bwana alikuja na gari nyingine." Wa kwanza akatoa sauti ile ya kusikitika kwa ulimi. Wakaenda na kigari chao.

Daktari kijana alipotoka hakujua asimame wapi. Mimi nilikuwa huku, Wafula kule. Alinitazama, akamtazama Wafula, akatungojea tusogeleane, hatukusogea. Basi ilibidi aseme kwa sauti ili tusikie wote wawili, na kila aliyekuwa kwenye korido akasikia. Mtoto ni msichana, yuko hai. Mama yake hakuamka.

Wazee waliketi baadaye, wakati wa mazishi, wakasema sheria imevunjwa chumbani na hospitalini, wakatutakasa. Nilikubali kutakaswa. Tangu mwaka ule nimekuwa yule mwanamke anayeingia. Mjamzito akihamia karibu nami, nabisha hodi na kuingia, awe Mluo, awe Mkikuyu, mumewe awe amelala au amekaa, namwambia leta mguu nione. Wengine hunikasirikia. Wengine nimewapeleka mjini mwenyewe bila barua ya mtu yeyote, na tukirudishwa tunaketi pale pale mlangoni. Mjukuu wangu hunicheka, ananiita polisi wa miguu. Ana miguu myembamba kama ya mama yake alipokuwa mzima.

Lakini siku ile, saa ile, sikuwa bado mtu yeyote. Nilikuwa nimeketi. Beatrice alitoka na kifurushi ndani ya leso yangu mwenyewe, ile niliyomfunika nayo Nekesa, akauliza, "Baba mtoto ni nani?" Wafula akasogea, akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayepokea ubao, naye Beatrice akamwekea mtoto, kisha yeye akaitwa kule ndani, akaondoka. Kichwa cha mtoto kikalala nyuma. Wafula hakujua. Alikuwa analia na haoni. Niliinuka, nikatembea korido ile yote hadi kwake. Alianza kugeuza uso, akakumbuka kwamba mikono yake imejaa. Niliushika mkono wake wa kulia, mkono mgumu wenye gundi ya mbao kwenye kucha, nikausogeza.

"Chini ya shingo, baba," nikamwambia. "Hapo. Kichwa bado hakijiwezi."

Hakuutoa mkono wake. Nami sikuutoa wangu.